Mafuta Yangu Yaliwaka kwa Mungu Mke, na Mjukuu Wangu Akanifunga Mdomo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyinyi wa mbele, asifiwe na nyinyi wa viti vya nyuma mnaosoma simu mkijifanya mnasoma Neno!

Mnanijua. Mimi ni Mama Dani, yule mzee anayeimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya. Shuleni nilifika darasa la nne, nikatolewa nikachume majani chai kwetu Kisii, kwa hivyo haya niliyoandika nimeyaandika kwa taabu. Mchungaji ameniruhusu nisome, lakini ameniambia niwe mfupi. Mchungaji, nisamehe, sitakuwa mfupi. Na nimeandika kwa sababu nikisema bila karatasi hasira itanishika njiani nianze kutaja watu kwa majina ya baba zao.

Ndiyo, nina hasira. Wengine hutoa ushuhuda wakitabasamu. Mimi Bwana amenifungua na bado nimekasirika. Nimemwuliza kama ni dhambi, na mpaka asubuhi ya leo hajaniambia niache.

Ndugu zangu, maisha yangu kabla ya haya yalikuwa maisha ya kujisifu. Nililea watoto wangu wote peke yangu baada ya baba yao kufa, na wote wakasoma. Dani wangu akaja hapa Minnesota akawa nesi. Halafu akaoa nesi mwenzake, Bhavna. Mhindi! Tena si Mhindi wa jina tu, ni Mhindi anayesali kwao, anawasha taa kila asubuhi mbele ya picha ya mwanamke mwenye mikono mingi aliyeketi juu ya mnyama, sijui ni simba au ni chui. Siku ya harusi nilinuna mpaka kwenye picha zote nimetoka kama mtu aliyelishwa ndimu kwa nguvu.

Mna haki ya kujua kwa nini. Nikiwa msichana niliajiriwa kazi ya nyumba kwa familia ya Wahindi mjini Kisii. Chai yangu nilikuwa ninanywa kwenye kopo la bati. Lile kopo lilikaa chini ya sinki, peke yake, kando ya sabuni ya kufulia. Vikombe vyao niliruhusiwa kuviosha tu. Kwa hivyo Mungu aliponiletea Mhindi awe mke wa mwanangu, nilidhani ananitania.

Lakini walipozaa mtoto wa kike wakamwita Kemunto, jina la mama yangu mzazi. Hapo nilinyamaza. Nilipakia sanduku nikaja Maple Grove kumlea, kwa sababu wazazi wake wanafanya shifti za usiku na mchana na mtoto hawezi kulelewa na televisheni. Nilimbeba mgongoni huyo msichana mpaka akawa mzito kuliko gunia la mahindi. Mzuri! Macho kama ya mama yake, kichwa kigumu kama changu. Nilijivunia kupita kiasi, nakubali.

Ila Kemunto haongei. Watoto wa rika lake hapa Shule ya Jumapili wanakariri mistari, wanabishana, wanasengenya walimu wao kwa Kizungu. Yeye kimya. Kelele ikizidi anaziba masikio na kupiga mayowe. Ukimwita jina anaangalia taa ya juu. Daktari alipompima alitaja neno la Kizungu, Dani akanieleza kwamba kwa Kiswahili ni usonji, na kwamba si ugonjwa wa kuambukiza wala si kosa la mtu. Wakaleta mwalimu, msichana wa Kizungu anayekaa chini sakafuni na mtoto wakipuliza viputo vya sabuni. Nikasema moyoni, shule gani hii ya viputo?

Na nyinyi ndugu zangu mlifanya nini? Mliuliza! Kila Jumapili mliuliza! "Mama Dani, bado haongei?" "Mama Dani, mmejaribu kumwombea?" Mmoja, na yuko hapa leo amevaa kitambaa cha kijani, aliniambia mtoto wa dada yake aliongea baada ya kunyweshwa maji yaliyomiminwa ndani ya kengele. Nikaanza kumwacha Kemunto nyumbani. Nikawa nawaambia ana mafua. Huyo mtoto kwa midomo yangu ameugua mafua kuliko mtu yeyote katika jimbo hili.

Ndipo alipokuja mama yake Bhavna kukaa nasi. Mama Bhavna alizaliwa Kisumu, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, kwa hivyo anaongea Kiswahili, kile Kiswahili chao cha dukani. Jiko moja, nyanya wawili. Yeye hali nyama, hataki hata harufu. Omena zangu, zile dagaa za ziwani, nilizikaangia gereji, milango imefunguliwa, theluji inaniingia shingoni, na yeye anachungulia dirishani ameziba pua na ushungi. Nilimchukia mwanamke yule kwa moyo wangu wote uliookoka.

Basi nikapeleka shida yangu kwenye kikundi chetu cha maombi cha akina mama, kinachokutana Roseville sebuleni kwa Dada Peris. Dada Peris, tulia, nitafika kwako. Aliniuliza swali moja tu: "Nyumba hiyo ina madhabahu?" Nikasema iko kabati jikoni, yenye picha na taa. Akapiga makofi. "Basi unatafuta nini tena, Mama Dani? Huyo mungu mke ameufunga ulimi wa mtoto! Bibi yake Mhindi amemtoa wakfu kwake akiwa tumboni!" Wenzetu wote wakaitika amina, na mimi nikaitika. Ilikuwa raha, ndugu zangu, kupewa mtu wa kulaumu. Nililala vizuri siku hiyo.

Kisha wakampigia simu mtumishi wa Mungu fulani wa jimbo la mbali, yule ambaye angekuja kwetu kwa mkutano. Akasema bila hata kumwona mtoto kwamba kamba ni ngumu. Mimi kama mkubwa wa nyumba lazima niende kwenye kiti cha huyo mungu mke, niingie kama mmoja wao wanaokuja kuhiji, nipake miimo ya mlango wake mafuta yaliyoombewa. Nikimaliza, nimlete Kemunto mbele yake amfungue ulimi. Dani aliposikia habari ya mtumishi aliniangalia kama mtu asiyemjua. Akasema, "Mama, mtu akimshika mtoto wangu kwa nguvu, utarudi Kisii. Sitarudia." Mwanangu niliyemzaa! Nikajua nikikosea nitampoteza mtoto, na nikiacha mtoto ataendelea kufungwa. Mnaelewa nilivyokuwa?

Sasa, Mama Bhavna alikuwa na nadhiri yake. Kwao mtu akiwa na haja kubwa humwahidi mungu mke kwamba atamwendea kwa miguu mpaka hekaluni. Kwao India wanatembea siku nyingi barabarani, vikongwe na watoto, wakiimba. Hapa hekalu liko kule nje mwa mji, nyumba za watu zinapoisha na mashamba yanapoanza, na sikukuu ya huyo mungu mke ilikuwa imefika, wakati majani ya miti yanageuka mekundu. Mama Bhavna akatangaza kwamba atatoka nyumbani kwa miguu mitupu. Bhavna akalia, "Ma, njia ya waendao kwa miguu inaishia katikati! Na ni baridi!" Wakakubaliana avae soksi, na Bhavna atafuata nyuma na gari polepole, na mtoto ndani.

Nikasema, "Nitatembea naye."

Mama Bhavna akanigeukia. "Wewe? Mama Dani? Kwa miguu?"

"Nimepanda milima ya Kisii na kuni kichwani. Hii lami itanifanya nini?"

"Lakini wewe hapana penda Mataji." Ndivyo anavyomwita huyo mungu mke, maana yake Mama.

"Nataka mazoezi," nikasema. Chupa ya mafuta ilikuwa kwenye mkoba wangu, imefungwa ndani ya leso.

Basi tukatoka, yeye na soksi zake na sari nyekundu chini ya koti la theluji, mimi na raba zangu na skafu ya Umoja wa Akina Mama. Nyuma yetu gari inawasha taa za tahadhari, pa, pa, pa. Kila dereva anatushangaa. Mzungu mmoja na pikapu yake alisimama akateremsha kioo akatuuliza kama tumepotea, na macho yake yanasema tumetoroka kwenye nyumba ya wazee. Mama Bhavna akanigusa kiwiko. "Sema yeye, sisi naenda kwa mama."

"Mama yako, si wangu," nikajibu. Mzungu akatupungia mkono akaenda.

Tulipotembea sana mpaka magoti yakaanza kunilaumu, nikaona nimchokoze. Nikamwambia, "Nyinyi Wahindi mlininywesha chai kwa kopo."

"Mimi? Wakati ile mimi hapana jua wewe."

"Wenzako."

Akapandisha sari yake isiburuze lami. Halafu akasema, "Kwa baba yangu iko kopo pia. Chini ya sinki. Mimi naona kila siku. Hapana uliza."

Ndugu zangu, nilitaka akatae! Angekataa ningepata vita vyangu. Alikubali hivi hivi, akaendelea kutembea, na soksi ya mguu wa kulia imeshatoboka kisigino kinatokeza. Hasira ikakosa mahali pa kukaa ikazidi kunichemka.

Tukafika, Bhavna akaegesha gari akamteremsha Kemunto. Unavua viatu kwenye chumba cha kando, viatu vingi kama mtumba wa Jumatano. Ndani nilitarajia giza, damu, moshi, mambo niliyoambiwa. Nikakuta taa nyeupe, zulia, watoto wanakimbizana, akina baba wanasukuma vigari vya watoto. Na huko mbele huyo mungu mke mwenyewe, wa jiwe, amevishwa nguo nyekundu na dhahabu, macho makubwa yanakutazama popote ulipo. Nikaanza kukemea chini kwa chini. Kisha nikaangalia waliokuwa mbele yake.

Walikuwa wanalia. Sikutegemea hilo. Kando yangu mama mmoja ameshika picha ndogo ya pasipoti ya kijana, anaibusu, anaionyesha kule mbele, anaibusu tena. Mzee mmoja ameinamisha kichwa mpaka chini na mwanawe anamwinua. Ni kilio chetu kile kile cha maombi ya Jumatano, cha karatasi za kuishi nchini, cha ugonjwa wa ini, cha mtoto aliyeingia madawa ya kulevya. Mimi sikusujudu, mniandike hivyo. Magoti yangu yana mwenyewe. Lakini kukemea kulinikauka kinywani, maana nilianza kuona haya, nimeingia matanga ya watu kwa kisa changu.

Hata hivyo nikatoa chupa. Nilisema nimefika nimefika. Nikawa natafuta mwimo wa mlango ambao hauna mtu. Msichana mmoja mwenye beji ya kuhudumu akaiona chupa mkononi mwangu. Uso wake ukafurahi! Akaipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaniita "Auntie", akaipeleka mbele kabla sijapata Kizungu cha kumzuia. Kuhani akaifungua, akainusa, akanitikisia kichwa kwa heshima kutoka kule mbali, akaimimina yote kwenye taa ya mungu mke.

Moto ukapanda juu hivi!

Mafuta ya upako! Yaliyowekewa mikono na kikundi kizima! Yanamwakia sanamu! Na watu wananigeukia wananitabasamia kama mwanamke mwema aliyeleta sadaka. Mama Bhavna machozi yakamtoka. Akanishika mkono akaubana. "Mama Dani! Wewe naleta mafuta kwa Mataji! Kwa ajili ya Kemunto!"

Wakati huo huo kengele zikapigwa zote na ngoma zikaanza, na Kemunto akaziba masikio akapiga yowe. Bhavna akambeba akakimbia naye kwenye chumba cha viatu. Nikamfuata. Mama Bhavna akanifuata mimi. Na pale katikati ya viatu, nikapasuka.

"Si kwa mungu wako!" nikamwambia. "Nilileta kumkomesha! Ndiye aliyemfunga mtoto wangu ulimi!"

Akanisogelea. "Nani nasema?"

"Kanisani kwetu wanasema. Kila mtu anajua. Wewe ndiye uliyemtoa!"

"Mimi?" Sauti ikapanda, sikuwahi kumsikia hivyo. "Mimi? Na kwetu nasema nini, wewe najua? Wifi yangu napiga simu kila wiki. Nasema hii damu ya Mwafrika. Damu nzito, ulimi hapana weza toka. Nasema sisi nafanya dhambi kuozesha Bhavna kwa Mwafrika. Mimi natembea miguu tupu kwa nini? Mtoto aseme, wao nyamaza!"

"Damu yangu?" nikasema. "Damu yangu nzito? Kwani damu yako ni juisi?"

"Na mungu yangu nakula ulimi ya watoto? Mungu yangu ni mama!"

Tukawa tunanyoosheana vidole usoni, wazee wawili, mmoja bila viatu na mwingine ameshavaa raba moja. Bhavna anasema, "Ma, stop. Mum, please," hakuna anayemsikia.

Ndipo nikahisi mkono. Kemunto alikuwa amepanda juu ya benchi la kuvalia viatu. Alinibandika kiganja mdomoni, kikavu, kinanuka biskuti. Akaukunjua mkono wa pili akambandika Mama Bhavna mdomoni. Akabonyeza. Akatuangalia, ndugu zangu, mimi nikiwa sijawahi kuangaliwa machoni na mtoto yule muda mrefu hivyo. Nikijaribu kusema neno anabonyeza zaidi.

Tukanyamaza.

Nilisimama pale na mkono wa mtoto mdomoni na nikajiuliza: huyu anayesemekana amefungwa ulimi, mbona amesema kitu na sisi sote tumekielewa? Nyumbani kila siku alinishika mkono akanipeleka kwenye friji, akanipeleka mlangoni, akauweka mkono wangu kichwani nimkune. Nilikuwa nasubiri mdomo. Nilijifanya kiziwi miaka yote hiyo.

Tulirudi na gari. Vitamutamu vya sadaka tulivyopewa hekaluni sikula, dhamiri yangu haikuniruhusu. Mama Bhavna hakununa, alikula vyangu na vyake.

Sasa nimefika kwako, Dada Peris. Usiinuke kwenda msalani.

Nilikupigia simu nikakueleza yote, mafuta na mkono wa mtoto. Wewe ulisikia mafuta peke yake. Ukapiga kelele, "Umemtolea sanamu mafuta ya Bwana!" Nikasema yalichukuliwa mkononi mwangu. Ukasema, "Basi na wewe umefungwa." Nikakwambia Kemunto sitamleta kwa mtumishi, na unaikumbuka sauti yangu. Ukasema sawa, tutamwachia Mungu.

Mlimwachia Mungu? Jumamosi iliyofuata Dani na Bhavna wakiwa kazini mlibisha mlango, wewe na mtumishi na akina mama wawili, na nikawafungulia kwa sababu ni ndugu! Mlivua viatu vizuri mlangoni, mkasema mmekuja kuniombea mimi. Nikapiga magoti. Nilipofumba macho, mtumishi alinipita akaenda kwa Kemunto aliyekuwa anapanga vizibo vyake vya chupa dirishani. Akamshika kidevu. Akamfungua taya kwa vidole vyake! "Achilia! Ongea! Sema Yesu!" Mtoto akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa binadamu, na huku mnasema, mnaona, pepo linalia!

Ndugu zangu, yule hakuwa pepo. Ni mjukuu wangu aliyekuwa analia, amejikojolea kwa hofu, na nyinyi mnasema amina.

Sikumbuki nilivyoinuka. Nilijikuta nimeushika mkono wa mtumishi, na vidole vyangu ni vya kuchuma chai, vikishika vimeshika. Nikambandua vidole kimoja kimoja. Akaniambia, "Pepo limehamia kwa bibi." Nikamwambia, "Limehamia kweli, na limeota meno." Na Mama Bhavna akatoka jikoni na kifimbo cha kusukumia chapati, sari imepandishwa kiunoni, unga mpaka kwenye nyusi. Hakusema Kiswahili siku hiyo. Alisema Kigujarati chote alichozaliwa nacho, na kila mtu alielewa.

Mlitoka bila kuvaa viatu. Mlikimbia kwenye nyasi zenye barafu na soksi, viatu mikononi, Dada Peris ukiwa mbele. Mungu anisamehe, nilicheka. Halafu nikageuka nikaona mtoto hayupo, na kicheko kikaisha.

Alikuwa amejificha chini ya meza ya kulia chakula, amejikunja, anajigonga kichwa kwenye mguu wa meza. Sikumvuta. Nililala chini, mimi na magoti yangu haya, na Mama Bhavna akalala upande wa pili, anaguna kwa mgongo. Tukakaa hapo. Nikaomba. Tangu niokoke sijawahi kuomba bila sauti, majirani wangu wote ni mashahidi. Siku ile niliomba kimya, kwa sababu kelele ingemuumiza. Nikamwambia Bwana: kinywa hiki umekiumba wewe. Mimi nimeona aibu. Nimemficha mtoto wako. Nimemsingizia mafua, nimemsingizia mungu wa watu, nimemtafutia mchawi, yote ni kwa sababu sitaki watu waseme mjukuu wa Mama Dani ana kasoro. Niondolee hii aibu, imeniketi kifuani kama jiwe la kusagia.

Na ikaondoka! Haleluya! Niliisikia ikiondoka kama mtu anavyotua mtungi. Nilipumua mpaka chini ya tumbo. Wakati huo Mama Bhavna upande wa pili anamnong'oneza Mataji wake, na mimi sikumkemea. Hayo ya mbinguni yatapangwa na mwenye mbingu. Ninayemwomba mimi ni Yesu, na ndiye aliyenifungua chini ya meza ile, na hakuna wa kuniambia vingine.

Kuna wakati kugonga kulikoma. Kemunto alitambaa akatoka. Nikiwa bado nimelala kifudifudi, alinipanda mgongoni, akanilalia, kama nilivyokuwa nikimbeba. Mama Bhavna akasema, "Sasa wewe namna gani tasimama?" Tukacheka tukalia, na hakuna aliyesimama mpaka Dani aliporudi akatukuta tumetapakaa sakafuni. Nilimweleza kila kitu kabla hajavua koti. Alisikiliza. Akaenda kumwangalia mtoto kidevu, palikuwa na alama za vidole. Akarudi akaketi kando yangu chini. Akasema, "Mama, asante kwa kumtetea." Sijarudishwa Kisii.

Sasa najua mnachongoja. Mnangoja niseme Kemunto anaongea. Haongei! Anatumia picha kwenye tableti, akibonyeza picha ya chai inasema chai, akibonyeza picha ya Mama Bhavna na mimi anatuita tukiwa jikoni, na yule msichana wa viputo ndiye aliyemfundisha, na nimemwomba msamaha kwa yale niliyomwazia. Labda ataongea siku moja, labda hataongea. Mimi ushuhuda wangu umeshatimia. Aliyefunguliwa ni mimi.

Namshukuru Mungu kwa mwanangu aliyesimama imara. Namshukuru kwa Bhavna, ambaye nilimnunia siku ya harusi yake na leo ameketi pale kando ya mlango, katika kanisa ambalo si lake, baada ya yote mliyomfanyia mtoto wake. Namshukuru kwa Mama Bhavna, aliyekataa kuja kwa sababu anasema kelele zetu ni mbaya kuliko ngoma zao, na hajakosea. Mtumishi yule sijui yuko wapi. Dada Peris, mimi na wewe tutaongea baada ya ibada, tukiwa wawili, na sitakuwa na kifimbo.

Kemunto yuko hapo kwa mama yake. Ndiyo, ndiye huyo mwenye vifaa vya kuziba masikio. Hana mafua. Ukitaka kumwombea, kwanza msalimie. Simama mbali kidogo, mpungie mkono, subiri. Akikuangalia ni baraka, asipokuangalia umesalimia. Akitaka kutoka nje, mwacheni atoke.

Na kama kuna mama hapa, au nyanya, aliyemfungia mtoto nyumbani kwa sababu ya midomo yetu, sikiliza, ndugu yangu. Mwamini huyu Mungu ambaye hakuchoka na mimi, mwanamke mbishi. Mlete Jumapili ijayo. Mlete apige mayowe, mlete ajigonge, mlete alivyo. Njooni mketi kwenye benchi langu, nimeacha nafasi. Na atakayenyoosha mkono kumshika kidevu atanikuta mimi kwanza.

Amina.